Filimu za mzee Clint Eastwood: zipi watoto wetu wazione?



Vikundi vitatu vya wamama vimetuletea swali moja, kila kimoja kwa maneno yake. Watoto wa kiume wanapotea jioni kwenye nyumba ya vidio, wanatumia huko franka za karanga ambazo mama alikuwa amezihesabu, na wanaporudi wanatembea miguu wazi kama watu waliopanda farasi mchana kutwa. Kipande cha mti wa muhogo kiko kiunoni, hiyo ndiyo bastola. Mmoja anaitwa Clint, mwingine anaitwa Django, na yule mdogo kuliko wote ndiye anayekufa kila siku. Je, tuwakataze?

Sisi tunaofundisha tunawapata hao hao kalasini asubuhi, macho mekundu. Hatukutaka kujibu juu ya kitu tusichokiona. Tulikaa wamama sita, Jumapili baada ya Jumapili, kwa paneli ya jua ya jirani, tukaangalia filimu zenyewe mpaka mwisho. Tuliacha Rambo na Komando, maana ukiona moja umeziona zote: mtu mmoja, misuli, bunduki kubwa, wengine wote wanaanguka. Tulichagua Clint Eastwood, kwa sababu huyu amezeeka mbele ya kamera. Alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 31 Mei 1930. Mwaka 2021 alikuwa bado anaigiza, akiwa na miaka 91, na mwaka 2024 aliongoza filimu nyingine tena. Mtu aliyeshika bastola ya sinema muda mrefu hivyo anabadilika, na filimu zake zinabadilika pamoja naye. Hilo ndilo lililotuvuta.

Tuanze na zile ambazo watoto wanazipenda. Ni tatu, za mwaka 1964, 1965 na 1966, na kwetu zinajulikana kwa majina ya Kifaransa: Pour une poignée de dollars, Et pour quelques dollars de plus, na Le Bon, la Brute et le Truand. Clint amejifunika blanketi, ana sigara nyembamba mdomoni, hasemi sana. Anaingia katika muji mdogo asiojulikana na mtu, na baada ya siku chache maiti zimejaa barabarani. Muziki wake ni mtamu, tunakubali; mwenzetu mmoja bado anaupiga mluzi anapotwanga sombe.

Lakini waambieni watoto jambo hili, maana sisi tulipolisema kalasini walishangaa sana: ule si Marekani. Mkubwa wa filimu hizo, Sergio Leone, alikuwa Mwitalia, na lile jangwa ni la Hispania, upande wa Almería. Wengi wa wale Wamexiko ni Wahispania na Waitalia. Na kauboi wa kweli alikuwa mchunga ng'ombe, mtu wa vumbi na mshahara mdogo, anayelala nje. Wanahistoria wanakadiria kwamba karibu mmoja kwa kila wanne alikuwa mtu mweusi, jambo ambalo sinema nyingi za zamani hazikulionyesha. Tena katika miji kama Dodge City kulikuwa na amri: ukiingia mujini, unaacha bastola yako. Watu wa huko wenyewe walijua kwamba muji wenye bunduki mkononi mwa kila kijana haufanyi soko.

Na sisi wa Nyangwe ndio tunaopaswa kujua hilo kuliko wote. Tarehe 15 Julai 1871, soko letu hapa kandokando ya Lualaba lilijaa watu kama kawaida, na wengi wao walikuwa wanawake, na samaki wao, vyungu vyao, kuku wao. Watu wa wafanyabiashara ya watumwa waliingia sokoni na bunduki. Ugomvi ulianza juu ya bei ya kuku. Wakapiga risasi ndani ya watu. Wanawake wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa na kuzama, wengine wakajitupa mtoni. Livingstone alikuwa hapa, aliona kwa macho yake na aliandika. Wale wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kati ya 330 na 400. Kwa hiyo mtoto wa Nyangwe anayeona filimu ya mgeni mwenye bunduki aingiaye muji mdogo, afadhali ajue kwamba hadithi hiyo ilipita kwetu kweli, na kwamba sisi tulikuwa ni wale wa sokoni. Hatukuwa yule wa farasi.

Kuhusu watoto kujiita majina ya kauboi, jambo hili si geni Kongo. Miaka ya 1950, Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, vijana walikuwa wanaangalia filimu za kauboi katika sinema za cité, wakajiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Walivaa foulard shingoni, mitaa yao waliipa majina kama Texas, wakatunga na lugha yao wenyewe, Hindubill, mchanganyiko wa Kilingala, Kifaransa na maneno ya sinema. Padri mmoja wa Scheut aliyekaa nao na kuwafundisha kazi walimwita Père Buffalo. Wapo wanaozungumza juu ya Bills hao kwa kucheka, kama juu ya ujana tu. Sisi tunasita kucheka. Waliopekua historia yao, kama Didier Gondola katika kitabu chake cha mwaka 2016, wanaonyesha pia kwamba wasichana wa mitaa hiyo walivamiwa na kulazimishwa, na kwamba kwa vijana wengi hilo lilihesabiwa kuwa alama ya uanaume. Sinema haikuwaamuru kufanya hivyo. Lakini iliwapa nguo na jina la kufanyia.

Sasa tufike kwenye filimu ambayo sisi wamama sita tuliiweka juu ya zote. Kwa Kifaransa inaitwa Impitoyable, ya mwaka 1992. Clint aliiongoza mwenyewe na akaigiza, akiwa na miaka zaidi ya sitini, na ilipata Oscar nne, pamoja na ile ya filimu bora na ile ya mwongozaji bora.

Hadithi inaanza na mwanamke. Katika muji mdogo wa Wyoming, msichana mmoja wa nyumba ya pombe anakatwakatwa uso kwa kisu na mchunga ng'ombe, kwa sababu tu alimcheka. Mkubwa wa polisi anakuja usiku. Anasikiliza. Kisha anaamua: wenye kosa wataleta farasi. Na farasi wampewe nani? Si yule msichana. Wampewe mwenye nyumba ya pombe, kwa sababu msichana ni mali yake na sasa imeharibika. Yule aliyeumizwa amelala chumbani na bandeji usoni, na wanaume wanahesabu farasi.

Pale tulisimamisha filimu. Hatukupanga kuisimamisha, ila mmoja wetu alisema, "Hao farasi ni mbuzi wetu," na ikawa hakuna aliyetaka kuendelea kwanza. Nani kati yetu hajaona jambo hilo? Mtoto wa kike anaharibiwa, wazee wanakaa chini ya mti, mbuzi wawili na franka kadhaa vinaletwa, baba anapokea, na jioni mambo yamekwisha. Pengine hata wanamwoza kwa yule yule. Mtoto mwenyewe hakuulizwa neno, na mama yake alikuwa jikoni akipikia wale wazee.

Basi tuandike wazi, kwa wale ambao hawajasikia. Sheria za nchi yetu za tarehe 20 Julai 2006 juu ya ujeuri wa kimapenzi zinasema kwamba ubakaji unaadhibiwa kwa kifungo cha miaka 5 mpaka 20, na kwamba kesi ya namna hiyo haimalizwi kwa kulipa faini ya mapatano. Mbuzi hawafuti kesi. Na kabla ya kesi kuna dawa: mtoto afikishwe hospitali mapema, kabla ya saa 72 kupita, maana baada ya hapo dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi haitolewi tena. Mama asiende kwanza kwa wazee halafu hospitali. Hospitali kwanza.

Turudi kwenye filimu. Wale wanawake wa nyumba ya pombe, walipoona sheria imewadharau, walichanga akiba zao wakatangaza dola 1000 kwa mtu atakayewaua wenye kosa. Hapo ndipo Clint anaingia. Yeye ni mjane, anafuga nguruwe, ana watoto wawili wadogo, zamani alikuwa muuaji na mlevi mpaka mke wake akamgeuza. Njaa inamrudisha kwenye bastola. Anakwenda na rafiki yake wa zamani, anayeigizwa na Morgan Freeman, na kijana mmoja mwenye majivuno ambaye haoni vizuri na anadai ameshaua watu watano.

Tunawaomba muangalie kijana huyo pamoja na watoto wenu wakubwa. Anampiga risasi mtu aliyekuwa amekaa msalani, mtu asiye na silaha mkononi. Baadaye, chini ya mti, anakunywa pombe, anatetemeka, analia, na anakiri kwamba hajawahi kuua mtu kabla ya siku ile. Anamrudishia Clint bastola. Hataki tena. Hata pesa anaziogopa. Katika zile filimu tatu za mwanzo hakuna anayelia hivyo. Watu wanaanguka na hadithi inaendelea. Hapa mzee Clint ni kama amerudi kuhesabu maiti zake za zamani, moja moja.

Hatusemi filimu hii ni safi. Mwisho wake ni damu tupu, na Clint anarudi kuwa yule yule wa zamani. Wale wanawake hawakupata haki, walipata kisasi, na kisasi kilikula hata mtu asiye na kosa. Kati yetu sita tulibishana. Mmoja alisema walifanya vizuri kuchanga, maana nani mwingine angewasikia? Wawili walisema hapana, fedha ile wangemsafirishia yule msichana kwenda mahali pengine akaanze maisha. Hatukupatana, na mpaka leo hatujapatana. Kwa watoto wa chini ya miaka 15, sisi tunasema hapana: lugha yake ni chafu na kile kisu cha mwanzo kinatisha. Kwa wale wa sekondari, ndiyo, lakini mama au mwalimu akiwa amekaa ndani.

Mwenzetu anayetoka upande wa Kabambare alipenda nyingine zaidi, Pale Rider, ya mwaka 1985. Inahusu wachimba dhahabu. Familia maskini zinachimba kwa mikono katika bonde dogo, zinaosha mchanga mtoni kama vile kwetu. Juu yao kuna tajiri mwenye kampuni, anayepasua mlima kwa mabomba ya maji yenye nguvu, miti na udongo vinaporomoka, mto unachafuka. Anataka bonde lao. Kwanza anatuma watu kuvunja vibanda, halafu anatoa bei, dola 1000 kwa kila kiwanja, halafu analeta watu wenye bunduki. Clint anakuja amevaa kola ya mchungaji.

Yule mwenzetu ana ndugu waliokaa Salamabila, karibu na mgodi wa Namoya, na anajua kampuni, wachimbaji wadogo na Mai-Mai wakiwa mahali pamoja. Alisema kitu kimoja kilichotufanya tuiangalie filimu mara ya pili: katika Pale Rider, mtu wa bunduki akimaliza kazi yake anapanda farasi anaondoka. "Kwetu," akasema, "hawaondoki." Anayekuja kulinda wachimbaji anaweka kizuizi barabarani, na kesho anachukua dhahabu yenyewe. Hapo ndipo sinema inadanganya zaidi kuliko mahali pengine popote, na kijana wa miaka 16 anayeitwa porini kwa ahadi ya kulinda muji wake anaamini kwamba yeye atakuwa yule wa farasi mweupe. Muulizeni mtoto wenu swali hilo baada ya filimu: huyu mtu, kama angebaki, angekula nini?

Gran Torino, ya 2008, haina farasi. Clint ni mzee mjane, alifanya kazi ya kutengeneza magari kwa Ford, zamani alipigana vita ya Korea. Mtaa wake umejaa wageni kutoka Asia, Wahmong, na yeye anawatukana kila saa. Matusi yake ni mabaya, msiangalie na wadogo. Polepole anakuwa kama babu wa kijana mmoja wa jirani, anamfundisha kutengeneza vitu, anamtafutia kazi ya ujenzi. Genge la vijana linamtaka kijana yule. Dada yake wanamvamia na kumharibu. Kijana anataka bunduki, anataka kwenda sasa hivi. Mzee anamfungia chini ya nyumba kwa ufunguo, anakwenda peke yake, na mkononi hana kitu. Mbele ya majirani wote madirishani anaingiza mkono kotini, wale wanadhani anatoa bastola, wanampiga risasi. Ni kiberiti cha sigara tu. Na kwa kuwa majirani wameona, na safari hii wanakubali kusema, genge zima linachukuliwa na polisi.

Watoto wa kalasi ya sita wa sekondari walipoiona walikasirika. Walingojea mzee apige. Mmoja alisema filimu imeharibika mwishoni. Tukamwambia afikiri mpaka Jumatatu, akaja Jumatatu akauliza: kama majirani wangesema tangu mwanzo, je, mzee angekufa? Hatukumjibu, tulimpa chaki akaandike swali ubaoni.

Kwa wale wanaopenda habari za mto wetu, kuna moja zaidi. Mwaka 1951 Wamarekani walikuja kupiga filimu African Queen kwenye mto Ruiki, unaoingia Lualaba karibu na Ubundu, chini ya Kindu. Maji yanayopita Nyangwe ndiyo yanayofika huko. Humphrey Bogart na Katharine Hepburn waliigiza, chini ya John Huston. Ni hadithi ya mwendesha mashua mlevi na dada wa misheni wakati wa vita ya 1914, na Bogart alipata Oscar kwa kazi hiyo. Watu wa msafara waliugua, mashua ilizama ikabidi kuvutwa. Peter Viertel, aliyesaidia kuiandika, baadaye alitoa kitabu juu ya mkubwa wa filimu anayeacha kazi yote kwa sababu anataka kwanza kuua ndovu mmoja. Mwaka 1990 Clint alikifanya filimu, Chasseur blanc, cœur noir, akaigiza mkubwa huyo mwenyewe. Ilipigwa Zimbabwe. Mwindaji Mwafrika anayemwongoza anaitwa, sikieni, Kivu. Na ni Kivu anayekufa kwa ajili ya tamaa ya mgeni. Ngoma zinapeleka habari kijijini, na yule mkubwa anarudi kukaa kwenye kiti chake, bila maneno ya majivuno. Haina kelele nyingi, watoto watasinzia. Sisi tuliipenda, babu zetu hapa walijua ni nani hubeba pembe na ni nani hupata faida.

Ile ya mwanamke mpiga ngumi, Million Dollar Baby, ya 2004, ni nzuri, na binti zenu wataipenda nusu ya kwanza. Mwisho wake ni mzito mno juu ya kifo na hospitali. Iangalieni ninyi kwanza.

Basi, tuwakataze? Tuliona kwamba ukikataza, mtoto atakwenda nyumba ya vidio ya upande mwingine, usiku zaidi. Tulikwenda wamama wanne kuongea na mwenye nyumba ya vidio, kwa heshima, naye alitupokea vizuri, maana na yeye ana watoto. Tumekubaliana mambo matatu. Siku za masomo, mtoto wa shule ya msingi haingii baada ya saa kumi na mbili jioni. Filimu za uchi hazionyeshwi mchana wala watoto wakiwepo. Na Jumamosi moja kwa mwezi, saa nane mchana, chumba ni cha wamama na watoto wao, na filimu tunaichagua sisi.

Jumamosi hii ni Pale Rider. Bei ni franka zile zile za siku zote, mtoto aliyekuja na mama yake analipa nusu. Sauti ni ya Kifaransa, kwa hiyo mwalimu mmoja atasimama mbele na kueleza kwa Kiswahili, si kwa kelele kama wale wa vidio za Kampala, lakini atajitahidi. Wenye viti vidogo wavilete. Walio na watoto wa kunyonya wakae karibu na mlango, kuna joto ndani.